Mashine ya Baba kwa Betri Nne

Jina lake la shuleni lilikuwa refu na zuri, ila hakuna aliyelitumia. Tangu akiwa na miaka sita kazi yake ilikuwa kumshikia baba yake waya wa risasi wakati wa kuchomelea, na kwa kuwa baba alikuwa na mikono miwili na vitu vitatu vya kushika, alikuwa akiita bila kuinua kichwa: "Risasi!" Jina likamganda. Alipokuja kuwa fundi na yeye, wateja walioelekezwa kwa Risasi walifika wakitegemea kumkuta bondia mstaafu, wakamkuta mwanamke mfupi wa miaka arobaini na miwili, miwani imefungwa kwa uzi, anapuliza vumbi kwenye redio ya mtu. Wengi walicheka. Zamani na yeye alikuwa akicheka nao.

Baba alifariki miezi minne iliyopita, asubuhi ya siku ya kawaida kabisa, akiwa ameketi mezani kwake katika chumba cha nyuma, amplifaya yake kubwa, mashine ya kukuza sauti, inawaka mbele yake. Mama alikuwa jikoni. Alisikia mashine inavuma kama siku zote, akajua mzee yuko kazini, akaendelea na mapishi yake. Mzee yule hakuwa mtu wa maneno. Angeweza kuimaliza siku nzima bila kusema zaidi ya "chai" na "asante". Saa saba mchana mama alipombebea sahani, alikuta chuma cha kuchomelea kimetoboa meza. Daktari alisema mzee alikuwa ameshaondoka tangu saa nne.

Risasi ndiye aliyezima swichi. Aliitwa, akaja mbio, akakuta chumba kimejaa majirani na mashine bado inavuma katikati yao, akanyoosha mkono akaizima. Tangu hapo, tuseme ukweli, hakuhisi kitu. Kwenye mazishi watu walilia mpaka wakaishiwa na vitambaa, yeye akawa anahesabu skrubu za jeneza: kumi na mbili, na moja imeingia kombo. Mashangazi walinong'ona kwamba yule binti ana moyo wa jiwe. Walimwonea. Jiwe angalau lina uzito, na yeye hata uzito hakuusikia. Alikula akipewa, alilala ukifika wakati, alifungua karakana saa mbili na kuifunga saa kumi na moja.

Mama hakuweza kubaki peke yake kwenye nyumba ile. Binti wa pili, mdogo wake Risasi, ndiye aliyemchukua. Huyu aliitwa Mwalimu, na aliitwa hivyo nyumbani miaka mingi kabla ya kupata cheti, kwa sababu alianza kusahihisha watu kabla hajajua kuandika. Yeye na mumewe walikuwa wamejenga juu ya kilima ambako nguzo za umeme bado hazijafika. Kulikuwa na paneli za jua kwenye paa na inveta ndogo, ya kugeuza umeme wa jua uwe kama wa ukutani, ya kuwashia televisheni na kuchaji simu. Nyumba ilikuwa nzuri, ina hewa, ina nafasi. Mama akapewa kiti karibu na dirisha, akaketi, akaacha kula.

Si kwamba aligoma. Alikuwa akishika kijiko, anaonja mara mbili, anasema "nimeshiba, mwanangu", anairudisha sahani taratibu ili asimuudhi mtu. Kufikia wiki ya tano gauni lilikuwa linaning'inia mabegani kama liko kwenye kamba. Daktari alimpima kila kinachopimika, hakuona ugonjwa, akasema akiendelea hivyo mwezi mwingine mmoja hatakuwa na la kumsaidia. Mwalimu alimpigia dada yake simu akilia. Risasi alisikiliza kile kilio kama anavyosikiliza redio ya mteja, akitafuta hitilafu ilipo.

"Kwani anataka nini?" aliuliza.

"Tangu aje amesema kitu kimoja tu, dada. Anasema nileteeni mashine ya baba yenu."

Walijaribu njia ya mkato kwanza. Waliibeba watu watatu, shemeji akiwa mbele analalamikia kiuno chake, wakaitua sebuleni, wakaichomeka kwenye inveta. Inveta ikapiga yowe moja, nyumba nzima ikazimika. Wakarudia, ikapiga yowe lingine. Mashine ile ilijengwa enzi za kutikisa kumbi, wakati watu walipenda muziki uwagonge kifuani, na ikiwashwa tu inataka kumeza umeme wa mtaa mzima kwa mpigo.

"Hii si redio," shemeji alisema. "Hiki ni kiwanda."

Mama alitazama yote hayo kutoka kwenye kiti chake. Basi Risasi akaipeleka mashine karakana, aibadilishe iende kwa betri moja kwa moja.

Karakana aligawana na Fundi Saa, mzee wa kutengeneza saa za mkono, ambaye maneno aliyonyimwa baba yake Risasi alipewa yeye yote. Alisogeza kiti akaja kutazama. Risasi akafungua mfuniko wa mashine, na upande wa ndani wa mfuniko akakuta mwandiko wa baba yake, kwa penseli, mistari imepangana kutoka juu mpaka karibu na ukingo.

Hapo inabidi kuelezwa kitu. Mashine ile ilikuwa na mvumo. Haukutoka kwenye spika. Spika za mzee ukizitegea sikio ni kimya kitupu, na huo ndio uliokuwa mtihani wake kwa kila aliyejiita fundi: fungua sauti mpaka mwisho bila kuweka muziki, weka sikio kwenye spika, na ukisikia chochote ujue kazi haijaisha. Mvumo ulitoka kwenye transfoma, lile bonge zito la ndani linalobadilisha umeme, kwenye yale mabati membamba yaliyobanwa pamoja kwa skrubu nne, yakitetemeka. Mzee aliuita dudu. "Hili dudu nitaliua mwaka huu," alikuwa akisema, na alisema hivyo kila mwaka. Kwenye mfuniko aliandika vita vyake. Tarehe, halafu: "Nimekaza skrubu. Kimya." Chini yake, wiki tatu baadaye: "Limerudi." Tarehe nyingine: "Nimekaza, nimepaka vanishi. Kimya." Chini yake: "Limerudi." Miaka thelathini na moja, na mstari wa mwisho ulikuwa wa mwaka huu huu, siku sita kabla ya kufa kwake: "Limerudi."

Fundi Saa alicheka mpaka akavua miwani. "Huyu mzee kapigana na chuma, chuma kikamshinda!"

Risasi aliisoma mistari yote mpaka mwisho, kama mtu anayesoma ratiba ya basi asilolipanda. Akashika kazi.

Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu kwa aliyeijua. Transfoma ilikuwa ikichukua umeme wa ukutani na kuipa mashine volti sitini na tano upande wa juu na sitini na tano upande wa chini. Betri nne za volti kumi na mbili, mbili juu na mbili chini, zingeipa ishirini na nne kwa ishirini na nne. Mtu aliyezoea kubeba magunia ukimpa kikapu hatashindwa kukibeba, ila atayumba kwanza. Ndivyo na mashine. Risasi alibadilisha rezista, vile vidude vya kupunguza umeme, zinazolisha hatua ya kwanza ya sauti, zisije zikaikaba kwa umeme mdogo. Akang'oa swichi ya sumaku inayounganisha spika, kwa sababu ile ya zamani isingeamka kwa volti ishirini na nne, akaweka nyingine. Akabadilisha taa ya mbele. Kisha akairudia mizani ya transista kubwa, mita mkononi, akizungusha kidude kwa upana wa unywele, anasubiri zipate joto, anapima, anazungusha tena. Siku tatu zilipita hivyo.

Transfoma yenyewe haikuhitajika tena. Alipokuwa akiing'oa aliona kitu kilichomshangaza kidogo, kwa mshangao wa juujuu tu. Skrubu moja kati ya zile nne ilikuwa na kichwa kilichokwaruzwa vibaya, kama iliyofunguliwa mara mia kwa chombo butu. Baba yake alikuwa akimpiga kofi la mkono kwa kushika bisibisi isiyo saizi yake. Skrubu ya namna ile mezani kwake ilikuwa aibu. Mkono wa Risasi ukachukua bisibisi ukaikaza barabara, pamoja na zile tatu, ingawa kitu chenyewe kilikuwa kinaondoka. Mikono ina mazoea yake.

"Na hili jinga la kilo kumi na tano unalipeleka wapi?" Fundi Saa aliuliza.

"Zuia nalo mlango."

"Hata kwaheri hulipi?" Alimtazama kwa muda, akaacha mzaha kidogo. "Dada Risasi, na wewe siku hizi unatembelea volti za chini. Zamani ukipita hapa ulikuwa unanitania mpaka nasahau saa ya mtu. Sasa unanisalimia vizuri. Naogopa."

"Niko sawa, mzee."

"Ndiyo hilo ninaloogopa."

Alipomaliza, alifungua sauti mpaka mwisho bila muziki, akaweka sikio kwenye spika. Kimya. Akaweka sikio kwenye sanduku lenyewe. Kimya pia, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja. Akachukua penseli, akaandika tarehe chini ya mstari wa mwisho wa baba yake, na mbele yake: "Nimeliua. Kimya."

"Baba, nimeliua," alisema kwa sauti, akangoja. Alidhani huenda sasa kitu kitakuja, fahari au machozi au chochote. Fundi Saa alijifanya anatafuta kioo cha saa chini ya meza. Hakikuja kitu, na Risasi akafunga mfuniko.

Jumamosi mchana waliipanga sebuleni kwa Mwalimu, betri nne zimejipanga chini ya meza, spika mbili kila upande wa dirisha. Mama alikuwa amejitengeneza kama anayengoja mgeni. Alikuwa amechana nywele, na Mwalimu akasema kwa kunong'ona kwamba asubuhi ile amekunywa chai nusu kikombe bila kubembelezwa. Sahani ya mkate na bakuli la supu vilikuwa vimewekwa kando yake. Risasi akabonyeza swichi. Taa ya mbele ikawaka.

"Haya, washeni," mama alisema.

"Imeshawaka, mama."

Mama akainamisha kichwa, akatega sikio. "Haijawaka."

Risasi akaweka muziki, wa taratibu, ule mama alioupenda. Sauti ikatoka safi, laini, unaweza kusikia mpiga gitaa akihamisha vidole. Shemeji akaanza kugonga mguu. Mwalimu akamshika dada yake mkono, macho yamemjaa. Mama aliusikiliza wimbo mpaka ukaisha, kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni mwenye hadithi ndefu.

"Muziki nausikia," alisema. "Dudu liko wapi?"

"Nimeliua, mama. Halipo kabisa. Si unakumbuka baba alivyokuwa akitaka..."

Mama alimtazama usoni. Kisha akageukia dirisha, na kwa mkono mmoja akaisukuma sahani, taratibu, mpaka ukingoni mwa meza.

"Nimeshiba, mwanangu," alisema.

Risasi alibaki amesimama na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi. Alikuwa ameifanya kazi ambayo baba yake hakuiweza, ameifanya bila kasoro, na kwa kazi hiyo alikuwa amemuua tena mzee mbele ya mama. Alilielewa hilo lote kwa mara moja. Na ndani yake, mahali ambapo kwa miezi minne hapakuwa na kitu, kulianza kuchomachoma, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudiwa na damu. Haikuwa raha hata kidogo. Alitupa kitambaa, akatoka, akateremka kilima kwa miguu bila kuaga.

Fundi Saa alimkuta mlangoni mwa karakana anahema. Transfoma ilikuwa pale chini, imezuia mlango, na mzee alikuwa ameivisha kofia yake kuukuu.

"Umelifuata? Mimi nimeshalizoea. Halinijibu, ila linasikiliza."

"Nipe, mzee. Na ile balbu ya baba, iko wapi?"

"Ile ya kujaribia? Iko ukutani pale pale." Kisha akamtazama tena. "Dada, unalia?"

"Sijui," Risasi alisema. "Nishikie huku."

Balbu ile ilikuwa ya zamani, ya waya mwekundu ndani, kwenye ubao wake. Mzee alikuwa akiiweka njiani kati ya umeme na kitu chochote asichokiamini, ili balbu ndiyo iumie, kitu kipone. Jumapili asubuhi Risasi alirudi kilimani nayo. Aliitua transfoma mezani kando ya mashine, peke yake, bila kuiunganisha na chochote mbele; akaiunganisha nyuma tu, kupitia kwenye balbu, mpaka kwenye inveta ya shemeji.

"Itazima nyumba," shemeji alisema.

"Haitazima. Siku ile zile kapasita kubwa za ndani, matangi ya kuwekea umeme, ndizo zilizokuwa zinagugumia. Leo haina wa kumlisha."

"Kwa hiyo haifanyi kazi yoyote?"

"Haifanyi."

"Sasa ya nini?"

"Mume wangu," Mwalimu alisema, "nyamaza."

Risasi akawasha. Balbu ikawaka ghafla mara moja, ikafifia, ikazima. Inveta haikupiga yowe. Wote wakatega sikio. Ukisogea karibu sana, ukizuia pumzi, kulikuwa na kitu, chembamba, kama nzi aliyeko chumba cha tatu.

Mama alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwona akinyanyuka. Alikuja hatua kwa hatua akishika viti, akainamia meza, akaitazama transfoma ile kwa jicho la mtu anayekagua nyanya.

"Umelikaza," alisema.

"Ndiyo, mama. Nilikaza skrubu zote."

"Kama baba yako." Akatikisa kichwa. "Zima kwanza. Nipe kisu. Si hicho, hicho kina ncha. Kile cha siagi."

Risasi akazima, akachomoa na waya kabisa. Mwalimu akaleta kisu. Mama akakitia kwenye skrubu, ile iliyokwaruzwa, wala hakuitafuta, mkono ulijua ilipo. Akazungusha kidogo, akasimama, akarudisha nyuma kidogo zaidi.

"Robo tu," alisema. "Ukifika nusu linapiga kelele, anagundua."

Risasi aliinua macho kutoka kwenye skrubu. "Mama. Ni wewe?"

"Nani mwingine? Akienda zake kwenye kumbi, mimi naingia na kisu. Halafu nasoma alichoandika kwenye mfuniko, nacheka peke yangu jikoni." Mama hakucheka sasa. "Baba yenu alikuwa kimya mno. Nikienda kuchungulia kama yupo, ananiuliza unataka nini. Ningesema nini? Nataka kujua kama upo? Basi nikaacha dudu liwe linaniambia."

Mwalimu, ambaye hakuweza kuona kosa akaliacha lipite, akasema kwa sauti iliyokatika, "Lakini mama, siku ile si ndilo lililokudanganya?"

"Lilinidanganya mpaka saa saba," mama alisema. "Nilikatakata vitunguu, nikapika, nikamsema moyoni kwa vile shati lake halijafuliwa. Saa zote hizo, mwanangu, nilikuwa na mume." Akaweka kisu chini. "Nataka linidanganye tena. Washa."

Risasi akachomeka, akawasha. Balbu ikawaka ghafla, ikafifia. Na dudu likaja, lote, nene na la chini, likapita kwenye meza, likapanda kwenye miguu ya kiti, likakijaza chumba na ukuta na sakafu kama lilivyokuwa likiijaza nyumba ile nyingine tangu yeye akiwa mtoto wa kushikilia waya. Aligeuka kuelekea mlango wa nyuma. Aligeuka kabla hajajua anageuka, mkono wake wa kulia umeshanyooka, vidole vimebana waya usiokuwepo, anangoja kuitwa.

Hakuitwa. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya shemeji na kila mtu, kilio cha miezi minne. Mwalimu akaja kumshika, Risasi akamsukuma, kisha akamvuta tena.

Mama alirudi kwenye kiti chake. Akaivuta sahani, akavunja mkate, akauchovya kwenye supu, akala. Akala kipande cha pili. Alipofika kwenye bakuli akasema supu haina chumvi, akauliza ni nani aliyeipika, na Mwalimu akakimbilia jikoni. Hakuna aliyelizima dudu.

Baadaye, machozi yalipopungua, Risasi alifungua mfuniko wa amplifaya. Alipata penseli ya Mwalimu mezani. Chini ya mwandiko wake mwenyewe, pale ukingoni ambapo nafasi ilikuwa imebaki ya mstari mmoja tu, aliandika tarehe ya siku ile na neno la baba yake: "Limerudi."